Mbwa Aliyeuogopa Wembe

Mjukuu wangu Zaituni,

Hapa Nateete tu wazima, mama yako anakusalimu sana. Umeniuliza kama umwamini huyo mwenzako wa chumba huko Nairobi.

Baada ya vita nilikuwa nikitinda nyusi za wanawake kwa wembe sokoni Owino. Mbwa aliyevunjika mguu akajilaza kibandani kwangu. Mbwa wa siku zile tuliwaogopa. Walichokula vitani sikiandiki. Nilimfunga mguu, nikampa uji, lakini macho yangu hayakutoka kwenye meno yake. Wiki zikapita, naye hakulala hata kidogo mbele yangu.

Siku moja nilisahau wembe nyumbani. Akaweka kichwa miguuni pangu, akalala fofofo.

Kumbe wiki zote zile nilichunguza meno yake, na wembe niko nao mkononi. Huyo mwenzako, je, anaona wewe umeshika nini?

Jaja wako, Halima