Ngoja Ipumue

Baba Kadzo,

Pikapu yako imefungwa turbo kubwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeuliza habari zake kabla ya kuuliza za watoto. Watoto hawajambo. Matanga tumeshaanua, na jamaa zako waliokuja kula wamekwisha kurudi makwao, wengine kwa kusukumwa.

Ile turbo uliyoinunua Mombasa niliikuta chini ya kitanda, imeviringishwa kwenye gunia. Sikujua ni ya kuisukumia injini hewa; nilidhani ni mashine ya kusagia nyama, nikashangaa tangu lini umekuwa na mapenzi na jikoni. Nikampelekea rafiki yako fundi Omari, kule gereji yake Malindi, naye akaipokea kwa mikono miwili kama anapokea mtoto. Akaniambia mlikuwa mkiipangia tangu ile siku ya Mnarani. Mimi nilikuwapo siku hiyo. Tulishuka kwenye feri ya Kilifi na shehena ya nazi za Tezo, tukaanza kuupanda ule mlima, pikapu haijatimiza hata mwaka, na bibi mmoja mwenye kuku kwapani akatupita kwa miguu. Tena akatuaga.

Kazi ilichukua siku tatu. Omari aliitoa ile turbo ndogo iliyokuja na gari, akanionyesha pangaboi lake la ndani, mabawa yameliwa na vumbi la njia ya Adu lililopenya kwenye tundu la chujio la hewa. Ile kubwa nayo, mdomo wake haukukutana na wa injini, ikabidi achonge bamba la chuma la kuwapatanisha, kisha akaifungua pampu kidogo ili dizeli iongezeke. Alipowasha mara ya kwanza tuliufukiza mtaa mzima kwa moshi mweusi. Sasa imetulia. Inachelewa kidogo kuamka, lakini ikishaamka inavuta. Juzi nimeupanda mlima wa Mnarani kwa gia ya tatu, nazi zimejaa pomoni. Nilimtafuta yule bibi mwenye kuku, sikumwona.

Ndiyo, naendesha mwenyewe. Ulinifundisha mwenyewe, ukajuta mwenyewe.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Omari aliponikabidhi ufunguo alisema, "Mama Kadzo, ukifika usizime papo hapo. Iwache ingurume dakika tatu. Lile pangaboi huwa bado lazunguka. Wazima tu, oili yakatika, nalo laungua. Marehemu alilijua sana hilo."

Wajua miaka yote ile ulivyokuwa ukifika nyumbani, ukasimama uani, ukakaa ndani ya gari injini ikinguruma, nami niko jikoni nahesabu. Nilidhani unapima kama uingie au urudi ulikotoka. Mtu anayeipenda nyumba yake huiingia, ndivyo nilivyoamini. Nilikuwa nakuja kukugongea kioo kwa mwiko, nakwambia chakula kinapoa, nawe hujibu kitu ila, "Ngoja ipumue." Nikaona ni dharau. Wiki ile ya mwisho nikakwambia kama hutaki kuingia, usije tena. Siku ya nne yake ukaanguka sokoni ukipakia nazi, ukakata roho palepale. Wewe uliyekuwa hukubali kuzima hata gari ghafla. Neno lile limenilalia kifuani tangu siku hiyo, na sikumwambia mtu.

Kumbe ilikuwa turbo. Nilicheka mbele ya Omari, kisha nikalia, naye akajifanya anatafuta spana.

Njia ya mwongo ni fupi, Baba Kadzo. Nilipofika daraja la Sabaki nikalikumbuka lile gari letu la kwanza, la kijani, kuukuu. Lile halikuwa na turbo. Na ulikuwa ukikaa ndani yake vilevile, maana mara ya kwanza kukugongea kioo Kadzo alikuwa mgongoni kwangu, na leo ana miaka kumi na minne. Turbo ilikutetea kutoka gereji hadi darajani tu. Nilikasirika, nikaingiza gia vibaya, ikalia.

Nikafika nyumbani, nikakumbuka masharti ya Omari, nikakaa. Jua lilikuwa bado juu. Kutoka kwenye kiti chako mlango wa jikoni unaonekana wote. Hukuwahi kuniambia. Kadzo alikuwa akipakua wali huku anasemasema peke yake, amemkasirikia nani sijui, na mdogo wake yuko nyuma yake anadokoa samaki. Nikawaona wote, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akinitaka kitu. Dakika tatu zikaisha. Sikuzima. Niliwapenda palepale nilipokaa, na sikutaka kushuka, yote mawili kwa pamoja. Sikujua kuwa mtu aweza.

Kisha Kadzo akaja na mwiko, akagonga kioo. "Mama, chakula kinapoa."

Nikausikia mdomo wangu ukijibu, "Ngoja ipumue."

Aliniangalia kama nilivyokuwa nikikuangalia wewe. Nilizima, nikashuka, nikala. Wali ulikuwa umepoa kweli.

Lile neno langu la wiki ya mwisho nalirudisha. Oili nitaibadilisha kwa wakati wake, na chujio la hewa silikubali tena likiwa na tundu. Kadzo nitamfundisha kuendesha akitimiza umri, nimwachie kiti chako aone mwenyewe kinachoonekana. Wewe kaa huko ulikokaa, Baba Kadzo, kaa upendavyo. Sikugongei kioo tena.

Mimi wako,
Mama Kadzo