Vilima Ishirini na Vitano, kwa Upande wa Mama

Gerezani, 4 Februari

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu. Goti lako lasemaje? Mimi mwili ni mzima, ila miguu inaniwasha. Uwanja wa hapa ni wa saruji, umezungukwa na ukuta, na tunatolewa saa moja tu kwa siku. Wenzangu wanavuta sigara, mimi nazunguka mbio. Wameshanibandika jina: Panya. Nikirudi chumbani sikai. Natembea kutoka kitandani hadi mlangoni mpaka Kamel, mwenzangu wa chumba, ananirushia kiatu. "We Panya, kaa chini, unanitia kizunguzungu!"

Nina ombi. Nenda kwenye Vilima Ishirini na Vitano, ule mzunguko wa msituni kwetu, uniandikie njia yote. Najua hujawahi kupita kilima cha kwanza, na unauchukia msitu kwa sababu ya mchanga niliokuwa nakuletea hadi kitandani. Lakini ukiniandikia kilima baada ya kilima, nitavikimbia kichwani humu uani. Fuata alama nyekundu zilizopakwa kwenye miamba, hutapotea.

Kuja kuniona, bado sitaki. Usininunie.

Mwanao,
Aurélien

*

Le Vaudoué, 20 Februari

Mwanangu,

Mimi sijambo, goti ndilo limenuna. Hukuniambia kama unakula. Unakula?

Haya, nimeenda. Nilivaa viatu vya bustani, nikabeba mkate na jibini. Kilima cha kwanza kilinitoa jasho, cha pili kikanitoa matusi. Mtu unapanda kwa mikono na magoti, unafika juu, unaona misonobari mpaka macho yanachoka, halafu alama nyekundu inakwambia ushuke tena! Nani aliyebuni mchezo huu? Huko bondeni nako mchanga unameza mguu, unakwenda mbele huku unarudi nyuma. Nikakutana na vijana wamebeba magodoro mgongoni, nikawauliza kama wamefukuzwa na mwenye nyumba. Kumbe ni ya kuangukia wakikwea mawe. Walicheka mpaka wakakaa chini.

Nimefika cha sita nikageuza. Kile cha tatu kina mwamba uliopasuka katikati, unapita ubavu ubavu. Nilikwama kidogo, usimwambie mtu. Kila Jumapili nitaongeza kipande.

Nimekutilia kijiko cha mchanga ndani ya bahasha, ule mweupe wa uwanda ulio katikati ya vilima, angalau uushike mkononi.

Mama yako

*

Gerezani, 9 Machi

Mama mpendwa,

Nakula. Na wewe je, umepona goti? Mimi sasa sijambo, ila nilipitia siku mbaya sana.

Mama! Unanitumiaje unga mweupe, laini, ndani ya bahasha, gerezani? Mlinzi aliifungua akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mkubwa wao. "Hiki ni nini?" Nikasema ni mchanga. "Mchanga, eti! Sisi tumezaliwa jana, siyo?" Ukapelekwa kupimwa, na mpaka majibu yaliporudi nikanyimwa uwanja. Nilidhani nitapasuka. Kamel alilala na kofia usoni ili asinione nikienda na kurudi. Mwisho majibu yakaja: mchanga. Hakuna aliyeniomba radhi, na mchanga wenyewe sikurudishiwa.

Jambo la pili. Mwamba uliopasuka hauko kilima cha tatu, uko karibu na mwisho. Umeenda kinyume, Mama! Pale kwenye ubao wa mwanzo wa njia watu wote wa kwetu hushika kushoto, wewe umeshika kulia. Nimekuwa nikikimbia kichwani huku nagongana na mimi mwenyewe. Lakini usigeuze sasa. Endelea hivyo hivyo, nimeshaanza kuzoea.

Mwanao,
Aurélien

*

Le Vaudoué, 27 Aprili

Mwanangu,

Nisamehe kwa ule mchanga. Nilimsimulia muuza mkate, akacheka mpaka akaunguza mikate, kwa hiyo sasa kijiji kizima kinajua. Uwanja wamekurudishia kweli?

Nimemaliza mzunguko! Nimenunua viatu vya kweli, na pale penye tambarare siku hizi natimua mbio kidogo, nikihakikisha hakuna anayeniona. Kwa hesabu yangu vilima ni ishirini na vinne. Nimerudia, bado ni hivyo hivyo.

Sasa kaa chini. Jumapili nilikuwa nashuka kwenye mteremko wa mchanga, na mtu mmoja alikuwa anaupanda kwa fimbo. Ningekwenda kama watu wote nisingekutana naye ng'o. Alikuwa Benoît. Benoît wako wa tangu chekechea, yule yule uliyemvunja mguu kwa gari usiku wa harusi ya binamu yako, ukiwa umelewa.

"Bi Ghislaine, unakwenda kinyume."

"Nimeshaambiwa."

"Na nani?"

Nikajifanya naangalia alama nyekundu, naye akaelewa. Alikaa kwenye mwamba akakung'uta viatu kwa muda mrefu kuliko mchanga uliokuwamo. Kisha akaniuliza, "Anakimbia huko?"

"Anazunguka ua kama panya."

Akacheka, halafu akakasirika kwamba amecheka. "Sijamsamehe. Usije ukamwandikia kwamba nimemsamehe."

"Sitaandika."

"Mwandikie hivi: vilima ni ishirini na sita. Aache ubishi."

Nami nimekuandikia kama alivyosema, sikuongeza neno.

Mama yako

*

Gerezani, 15 Juni

Mama mpendwa,

Natumai u mzima. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nikianza barua nachana.

Ni ishirini na vitano. Yeye anahesabu lile bega la mwamba kama kilima, nimemwambia tangu tuna miaka kumi.

Natoka katikati ya Septemba. Mama, sirudi nyumbani. Binamu yake Kamel ana kazi ya kunipa bandarini kule Brest, nitashuka treni moja nipande nyingine. Siwezi kusimama foleni ya mkate kila asubuhi na Benoît yuko mbele yangu na ile fimbo. Nitamwambia nini? Habari za asubuhi? Humu ndani angalau nina ukuta wa kunizuia nisikimbie. Nikifika huko kijijini nitakimbia kila nikimwona, na wewe utanitazama.

Usiniandikie tena vilima. Nikivisoma sipati usingizi.

Mwanao,
Aurélien

*

Le Vaudoué, 24 Juni

Aurélien,

Leo salamu ni fupi: mzima, goti zima, hasira nazo nzima.

Ni wewe uliyenituma kule. Sasa mimi ndiye nisiyekalika. Jumapili mvua ilinyesha, miamba ikateleza, nikabaki nazunguka jikoni mpaka jirani akaniuliza nimepoteza nini. Umeniambukiza, halafu unakimbilia Brest! Brest ni bahari tupu, ukifika ukingoni utakwenda wapi?

Nakutaka nyumbani. Basi, nimesema. Sitaki uje ukiwa mtu mwema, wala ukiwa na la kumwambia Benoît. Njoo tu. Viatu vyako viko barazani, na mchanga wako bado umo ndani. Mimi niliyekuwa nakufokea kwa ajili ya mchanga huo, leo moyo haunipi kuumwaga.

Nijibu.

Mama yako

*

Le Vaudoué, Jumamosi, 14 Septemba
(karatasi iliyobandikwa mlangoni)

Aurélien,

Sijui kama uko Brest au umesimama mbele ya mlango huu. Kiangazi chote nimekuandikia, hukujibu. Tangu alfajiri nasikiliza kila gari linalopita, nimeshindwa. Siwezi kukaa.

Benoît amekuja kunichukua. Anajua leo ni siku gani, kijiji chote kinajua. Hakusema lolote kuhusu wewe, amesema tu, "Twende, Bi Ghislaine. Na leo tushike kushoto, kama watu wenye akili." Anatembea polepole, kwa hiyo tutachukua muda.

Ufunguo uko pale pale. Supu iko jikoni, ipashe moto.

Mama yako

*

(chini yake, kwa penseli)

Mama mpendwa,

Sijambo. Nyumba nimeikuta salama. Supu nimeinywa baridi, nimesimama, usinifokee.

Kwenye stesheni niliiacha treni ya Brest ikaondoka. Nyingine itapita jioni, na tikiti yake ninayo mfukoni, nisikudanganye.

Nimevaa viatu, mchanga sikuumwaga. Pale kwenye ubao nitashika kulia, kwa upande wako. Njia ni moja na ni nyembamba. Hatuwezi kupishana bila kuonana.

Mwanao,
Aurélien