Chumba Kilicho Kimya, Chenye Mlango

Jumanne, Al Qusais, Dubai. Vumbi limetanda tangu asubuhi, jengo la jirani halionekani. Ndani kinavuma kiyoyozi tu.

Nianze na kosa langu, maana sijalikiri popote.

Miezi mitano iliyopita kampuni yetu ya usafirishaji ilifunga ofisi, tukaambiwa tufanyie kazi nyumbani. Ikaja fomu. Swali moja liliuliza kama nina chumba changu mwenyewe, kilicho kimya, chenye mlango. Nikatia tiki kwenye ndiyo. Niliogopa kwamba atakayejibu hapana ndiye atakayepunguzwa, na viza yangu iko mikononi mwao.

Ukweli ni kwamba naishi na dada yangu Rehema, chumba kimoja, pazia katikati. Dada ni mlinzi wa usiku kwenye maghala. Kampuni yake ilimpa kitanda kwenye kambi ya wafanyakazi tangu mwanzo, akakikataa ili tukae pamoja. Anarudi saa moja asubuhi, anaoga, ananiuliza kama nimekula, analala. Saa mbili mimi nawasha kompyuta.

Kazi yangu ni kuwapigia madereva, kutwa nzima, kuwauliza wamefika wapi. Nilianza kwa kunong'ona. Meneja, ambaye sote tunamwita Sir, akasema niongee kama mtu aliye kazini. Nikahamia bafuni, wapangaji wenzetu wakagonga mlango. Kwenye ngazi intaneti haifiki, na nikiondoka dakika tano kompyuta inawapa taarifa ofisini.

Dada hakulalamika hata siku moja. Alinunua vizibo vya masikio, akajifunga kilemba juu yake. Alinitania kwamba siku hizi anaota madereva wangu, na yule wa Jebel Ali kapotea tena.

Nilicheka. Nilipaswa kulia.

Nilipokuwa naenda ofisini tulikuwa na mambo ya kusimuliana jioni, kabla hajaingia zamu. Sasa tunashinda chumba kimoja na ninachokijua kwake ni namna anavyogeuka kitandani.

Wiki iliyopita alisinzia getini. Msimamizi alimpiga picha. Amepewa onyo la mwisho, akisinzia tena anarudishwa Tanga. Hakumwambia mtu kwamba alikuwa amelala kwa muda wa saa tatu tu. Mimi nilijua, nilikuwa nazihesabu huku naongea.

Jumapili aliniambia, taratibu kama kawaida yake, "Mdogo wangu, nimekiomba tena kile kitanda cha kambini, kule Dubai Investments Park. Wamenipa."

Nikamwambia nitawaeleza ukweli ofisini.

"Ukiwaambia ulidanganya, utafika nyumbani kabla yangu. Khalas, yameisha. Niache nikalale."

Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, na hilo ndilo linaloniuma.

Leo asubuhi alirudi, hakuvua viatu. Akachukua begi na blanketi, akalikunja pazia akaliweka juu ya kabati. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Huo nao ulikuwa uongo.

Saa mbili nikawasha kompyuta. Sir akasema leo nasikika vizuri sana.

Mchana nilijikuta nanong'ona tena kwenye simu. Dereva akasema, "Sikusikii, madam." Nikageuka kutazama upande wa pili. Kitanda kimetandikwa, hakuna mtu.

Ile fomu sasa ni ya kweli.