Simba wa Gramu Tatu

Jumatatu, 8 Septemba

Mkaa wa leo mbichi, unatoa moshi tu. Nimemaliza hereni za bibi harusi wa Chemchem na kuunga pete iliyokatika. Bega linauma tangu asubuhi.

Adhuhuri wamekuja Bi Salma na mdogo wake, Bi Zainabu wa Nzega. Wameleta mkufu wa fedha wa marehemu mama yao. Tangu arobaini ya mama hawasemeshani. Kila mmoja anasema mkufu aliachiwa yeye. Mjomba wao amechoka kusuluhisha, ameamua uyeyushwe wote, zitoke bangili mbili zenye uzito sawa, kila mtu avae yake. Wamekubali wote wawili. Wamekubali kwa hasira.

Walikaa ncha mbili za benchi. Niliwaamkia, wakaitikia, mmoja baada ya mwingine, kama wageni wasiojuana. Nilipopima mkufu waliinama wote kuangalia mzani. Vichwa vikakaribia kugusana. Wakarudi nyuma haraka.

Watachukua Jumamosi ya wiki ijayo. Kazi rahisi. Siipendi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeufungua mkufu. Marijani kando, mnyororo kando, sarafu kando. Sarafu tisa. Nane ni riale kubwa za zamani, zile zenye sura ya mwanamke mnene. Ninazijua tangu nikiwa msichana ninayevuta mvukuto wa baba. Ya tisa ndogo, nyembamba, nyeusi kama kipande cha sufuria. Nilidhani bati. Nikaisugua kwa ndimu na majivu ili nijue kama ni ya kutia motoni au ya kutupa.

Kwanza ukatokea mguu. Kisha mkia.

Niliacha kusugua. Nilikwenda kunawa mikono, sijui kwa nini. Nikarudi kusugua taratibu.

Ni simba. Anatembea kuelekea kushoto, mguu mmoja wa mbele ameuinua, mkia ameupindisha juu ya mgongo. Hazidi punje ya hindi kwa ukubwa. Kifua mbele. Anajua anakokwenda.

Nina miaka arobaini na sita, nimezaliwa Tabora, sijawahi kumwona simba. Leo nimemwona.

Jumatano, 10 Septemba

Nilingoja jua lifike dirishani, nikachukua kioo cha kukuzia. Juu ya simba kuna herufi za Kiarabu, nene, zimepandana. Nilizifuata kwa ncha ya sindano kama tulivyofuata kwa kijiti madrasa. As-sultan. Al-malik. Mengine yamenishinda. Tundu la uzi limetoboa katikati ya neno.

Nikaigeuza. Upande wa pili sikuhitaji kusoma herufi mojamoja. La ilaha illa Allah. Muhammad rasulullah.

Nilisoma kwa sauti. Sauti yangu ikanishtua. Nikakaa chini.

Na hii ndiyo niliyoambiwa niyeyushe.

Jambo jingine. Chini ya tumbo la simba kuna mstari mwembamba uliotokeza. Si wa kuchakaa, maana ulio wa kuchakaa huzama. Huu ulikuwa kwenye muhuri wenyewe, chuma kilichogongea sarafu. Patasi iliteleza. Ninaijua alama hiyo, ninazo nyingi kwenye kazi zangu. Fundi fulani, mahali fulani, alikuwa amekaa kama nilivyokaa, mkono ukamponyoka. Labda alisonya. Halafu akaendelea na kazi.

Nimeshinda siku nzima nikimfikiria fundi huyo. Sikufanya kazi nyingine.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemwita Mwalimu Maganga, aliyetufundisha historia, sasa mstaafu. Alikuja na baiskeli yake. Aliipokea sarafu kiganjani, akavua kofia.

Alipiga picha, akamtumia mwanafunzi wake wa zamani anayeshughulika na vitu vya kale huko Dar. Jibu limekuja kabla ya Alasiri. Fedha ya Misri, zama za Wamamluki, askari watumwa waliokuja kuwa watawala, ya sultani ambaye alama yake ilikuwa simba. Zaidi ya miaka mia saba.

Mia saba. Nimeandika tena nione kama nitaamini.

Mwalimu anasema simba yuko kwenye sarafu tangu sarafu zilipoanza. Wafalme wa Lidia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Uturuki, waligonga vinundu vya dhahabu iliyochanganyika na fedha, juu yake kichwa cha simba amefumbua kinywa. Zaidi ya miaka elfu mbili na mia tano iliyopita. Nchi hiyohiyo, baadaye sana, ikapata masultani walioweka simba na jua mgongoni mwake, jua lenye uso wa mtu. Nikamuuliza kwa nini simba, kwa nini si ng'ombe.

"Binti, mfalme hawezi kufika kila soko," akasema. "Simba anafika kwa niaba yake."

Imefikaje Tabora, hajui, na hakujifanya anajua. Labda ilirudi na mtu aliyekwenda Hija. Labda ilikuja shingoni mwa mwanamke. Ila kutoka pwani hadi huku, zama zile, kulikuwa na namna moja tu. Kwa miguu. Nyika, kiu, mizigo kichwani, miezi. Na simba huyu naye njiani, mguu mmoja juu.

Mwalimu alipoondoka aliniambia niwaambie wenyewe. Nikasema ndiyo.

Ijumaa, 12 Septemba

Sikuwaambia.

Bi Zainabu amepiga simu kutoka Nzega kuuliza kama nimeshayeyusha. Saa moja baadaye amepiga Bi Salma, swali lilelile, sauti ileile. Nimewajibu bado.

Nikisema, nitawapa kitu kingine cha kugombania. Bangili zinaweza kuwa mbili. Simba hagawanyiki. Idrisa, mume wangu, amerudi na lori la mchele wa Igunga. Nikamweleza. Akasema niyeyushe tu kama nilivyoambiwa, wakigombana tena watanilaumu mimi. Anasema kweli.

Lakini hiyo si sababu ya kunyamaza kwangu. Hapa hasomi mtu, niandike. Ninamtaka. Ninamtaka awe wangu.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimempima. Gramu tatu kasoro kidogo. Nikatoa mabaki ya fedha yangu mwenyewe, nikapunguza kwa tupa mpaka mzani ukalala sawasawa.

Hakuna atakayejua.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeyeyusha. Riale nane, mnyororo, na mabaki yangu. Wanawake wanene wamelegea mmoja mmoja, wakazama. Fedha ikiiva inang'aa kama jicho la mtu mwenye homa. Nikaimimina kwenye kalibu.

Simba yuko kwenye mkebe wa sindano, ndani ya kitambaa.

Nimejiambia nimemwokoa. Ni kweli nimemwokoa. Ni kweli pia nimeiba. Yote mawili nimeyafanya kwa mkono mmoja, kwa dakika moja.

Jumatano, 17 Septemba

Bangili zimekamilika. Ndizo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na sitaki kuziangalia.

Leo nimeufungua mkebe mara sita. Kila nikifungua ninastaajabu upya. Namna bega lilivyobeba uzito wa mguu ulioinuliwa. Hapo ni mstari mmoja tu, mfupi kuliko ukope, na bega zima lipo. Baba alinifundisha kazi miaka kumi na miwili na mstari huo siuwezi.

Mwalimu Maganga alipita na baiskeli, akauliza kama nimewaambia. Nikasema watakuja Jumamosi. Si uongo. Ni uongo.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimesali, nikapoteza hesabu ya rakaa. Nikaanza tena. Nikapoteza tena.

Siwezi kukaa naye. Nilidhani nitaweza.

Jumamosi, 20 Septemba

Walikuja saa nne, kila mmoja kwa bajaji yake. Wakakaa ncha mbili za benchi. Nikapima bangili mbele yao, zikawa sawa. Kila mmoja akavaa yake bila kumtazama mwenzake. Bi Salma akaanza kufunga mkoba.

Nikatandika kitambaa, nikamweka simba juu yake. Nikasema yote. Kwamba hii ilikuwa kwenye mkufu wao. Kwamba ina miaka mia saba na ushei. Kwamba ndani ya bangili zao kuna fedha yangu badala yake, na hii niliificha.

Bi Salma akasimama. "Rukia. Ulitaka kutuibia?"

"Ndiyo, Bi Salma."

"Baba yako alikuwa mtu mwaminifu."

Nilitazama miguu yake. Nilifikiri, sasa atatangaza mtaani, na ni haki yake.

Bi Zainabu hakuwa anatusikiliza. Alikuwa ameiokota sarafu, ameisogeza karibu na jicho, halafu mbali, halafu karibu tena.

"Dada," akasema.

Bi Salma akageuka. Nadhani ndilo lililomgeuza, neno hilo, zaidi ya sarafu.

"Dada, huyu si Paka?"

"Paka gani?"

"Paka wa mama. Wa homa."

Bi Salma akakaa. Hakurudi kwenye ncha yake, alikaa palepale karibu na mdogo wake. Wakanieleza, wakikatizana. Walipokuwa wadogo, mtoto akishikwa na homa, mama yao alikuwa akiifungua sarafu hii peke yake kwenye mkufu na kumwekea mgonjwa ulimini. Ilikuwa nyeusi, ina kivimbe kama mnyama, mama akiwaambia humo ndani mna paka anayekunywa joto.

"Alikuwa baridi," akasema Bi Salma. "Baridi kabisa."

"Mimi nilimmeza."

"Ulimmeza! Mama alikaa siku mbili anakufuata na kopo, kila ukichuchumaa naye yupo!"

Wakacheka. Sijawahi kuona wanawake wa umri ule wakicheka hivyo, wameshikana mikono, bangili zinagongana, machozi yanatiririka mpaka shingoni. Mimi nilisimama tu. Sikujua kama ninaruhusiwa kucheka.

Kisha Bi Zainabu akaigeuza sarafu. Nikampa kioo cha kukuzia. Akasoma midomo ikichezacheza, na kicheko kikamkauka.

"Dada, ni shahada. Tulikuwa tunawekewa shahada mdomoni, na hatujui."

Bi Salma naye akasoma. Akachukua muda. "Mama alijua," akasema. "Alikuwa akitusomesha Kurani yeye mwenyewe. Alijua."

Mwili ulinisisimka kuanzia visigino. Nilikuwa nimedhani mimi ndiye wa kwanza kuyaona maneno yale baada ya miaka mingi. Kumbe kuna mwanamke aliyesoma kabla yangu, akayaweka kwenye ndimi za watoto wenye homa, akasema ni paka ili wasiogope.

Nikangoja ugomvi. Nilijua lazima uje, maana sarafu ni moja. Bi Salma akavikunja vidole vya mdogo wake, kimoja kimoja, mpaka ngumi ikafumbika.

"Kaa naye wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyemmeza."

Bi Zainabu alilia kilio kingine, si kile cha kucheka.

Walipoondoka Bi Zainabu alinishika mkono. Bi Salma hakunishika. Aliniambia, bila kupandisha sauti, kwamba kunisamehe kutachukua muda na nisiende kwake kumharakisha. Nikasema sawa. Wakapanda bajaji moja.

Mkebe uko wazi mezani. Nimeufunga. Sina uchungu. Ninaona aibu, na chini ya aibu kuna kitu kipana kinachofanana na furaha, nacho sijui nikiite nini.

Jumapili, 28 Septemba

Mawingu, bila mvua. Bi Zainabu amepiga simu kutoka Nzega. Wajukuu walipanga mstari kumwona simba. Mmoja aliuliza kama anauma.

Bi Salma alipita mbele ya kibaraza nikifagia. Nikamwambia shikamoo. Akasema marahaba, hakusimama. Kwa leo yanitosha.

Mchana sikuwa na kazi ya mtu. Nilichukua kipande cha chuma cha tindo kuukuu, nikakilainisha motoni, nikaanza kuchonga simba wangu. Saa tatu nzima. Nilisahau kwamba muhuri huchongwa kinyume, kwa hiyo nilipogonga kwenye kipande cha fedha alitoka anaelekea kulia. Kichwa kikubwa mno. Miguu ya mbuzi. Lakini anatembea.

Nimemwonyesha Idrisa. Amemtazama sana, amemgeuza kwenye mwanga, akauliza ni mnyama gani.

Nimemwambia simba.

Akasema haya. Kisha akaenda kuoga.