Sauti Yangu Ilifika Gumbo Kabla Yangu

Jumapili, saa kumi jioni. Mvua imeacha lakini mbingu bado ni nzito, na ua wetu hapa Nyakuron, Juba, umejaa matope mpaka mlangoni. Mama yuko kanisani kwenye kikao cha akina mama. Baba yuko kazini, au amesema yuko kazini. Mimi nimekaa jikoni kando ya ndoo ya kwete, pombe yetu ya mahindi, nasikia povu likipasuka polepole chini ya kitambaa.

Moyo wangu umevunjika, na sijui mtu huwa anafanya nini baada ya hapo.

Nianze na kwete, maana bila kwete nisingejua chochote.

Sisi tulilelewa Kenya, Eldoret, na Mama. Baba alibaki hapa Juba akiendesha lori la maji na kututumia karo. Tulimwona Krismasi, na si kila Krismasi. Tuliporudi miaka miwili iliyopita, nilimkuta baba ninayemjua kwa picha na kwa simu tu. Alikuwa mpole. Aliniuliza shule inaendaje, nikajibu vizuri, na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi naona haya hata kwa watu niliowazoea, sembuse kwa mtu niliyelazimika kumzoea nikiwa tayari ni mkubwa.

Bia ndiyo iliyotukutanisha. Baba hupenda chupa mbili akirudi kazini. Bei ilipopanda na mshahara ukaanza kuchelewa, Mama akamwambia achague, bia au unga. Baba akacheka, akasema anachagua vyote viwili. Nyanya yangu kule Kajo-Keji hakuwahi kununua pombe dukani maisha yake yote, alisema, na wageni wake hawakuwahi kuondoka na kiu. Unga tunao. Maji anayaleta mwenyewe na lori. Kilichobaki ni kimea na subira.

Mama ni mtu wa kanisa, hakufurahi. Lakini alikubali, na nilimsikia akimweleza jirani sababu yake. "Afadhali anywe hapa uani nikimwona," alisema. "Akizoea kukaa nyumbani, atakaa."

Basi kwete ilikuwa ya kumweka Baba nyumbani. Mama alijua hivyo. Na mimi, ingawa hakuna aliyeniambia, nilijua hivyo.

Nilikuwa nimemaliza Senior Four, nasubiri matokeo, mikono haina kazi. Baba akanifundisha. Unga wa mahindi unakandwa na maji, unafunikwa, unaachwa siku kadhaa mpaka uchachuke. Kisha unakaangwa juu ya bati pana mpaka uwe wa kahawia na jiko zima linukie. Halafu unautia kwenye ndoo ya maji pamoja na kimea, yaani ulezi uliooteshwa, ukakaushwa, ukasagwa. Unangoja tena. Mwishowe unachuja.

Ya kwanza iliharibika. Ilikuwa chungu na kali kama siki. Baba alikunywa kikombe kizima amefumba macho, akaniambia, "Tamu." Halafu akasema, "Nipe maji, binti, haraka."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikumbuki kama niliwahi kucheka mbele yake kabla ya siku hiyo.

Baada ya hapo kila Jumamosi alipokuwa hana zamu tulikaa jikoni pamoja. Alinisimulia utoto wake, miaka aliyokaa hapa peke yake, lori lililozama mtoni likiwa na jina la bosi ubavuni. Mimi pia nilizungumza. Nilimwambia nataka kusomea uuguzi, jambo ambalo hata Mama nilikuwa sijamwambia. Mikono yangu ikazoea kazi hadi ikampita. Mimi sinywi, nalamba kidole tu kujua imefika wapi, lakini kwa harufu peke yake naweza kusema unga bado au tayari. Baba akaanza kuniita mwalimu. Akaacha kununua bia kabisa.

Siku moja, mwezi uliopita, alitoa simu yake. Alisema kuna rafiki yake kazini ambaye mkewe amechoka na bei ya bia na anataka kujifunza. "Eleza hapa, mwalimu. Mimi nikieleza nitasahau kitu."

Mimi ambaye darasani nilikuwa sinyooshi mkono hata nikijua jibu. Nilishika ile simu karibu na mdomo nikaeleza yote, hatua kwa hatua, kwa muda mrefu, Baba akiwa amekaa kando yangu akipuliza moto. Nilifurahi kwamba kuna mtu mahali fulani anataka kunisikiliza.

Jana asubuhi kimea kilikuwa kimetuishia. Baba alikuwa ametoka mapema, alisema ana safari nyingi za kupeleka maji mtaa wa Hai Malakal. Mama akanituma Gumbo, ng'ambo ya daraja, kwa sababu malori ya kutoka Uganda hushusha mizigo huko na vitu huwa na bei nafuu. Nikapanda boda.

Mwanamke wa kwanza niliyemwuliza pale kando ya barabara alinitazama kutoka viatu hadi kichwa. "Mtoto wa shule, kimea ya nini? Mchungaji wako anajua?" Wenzake wakacheka. Nikatamani kurudi. Kisha akanionea huruma, akasema chake kimelowa mvua na kimeota ukungu, hawezi kuniuzia. "Nenda nyuma pale kwa yule Mganda, ua wa pili. Yeye anaotesha mwenyewe. Safi."

Ua wenyewe ulizungushiwa mikeka ya mianzi. Nilikuwa bado sijabisha nilipojisikia mimi mwenyewe nikizungumza ndani.

Nilidhani nimechanganyikiwa. Nilisimama.

"...usiharakishe moto," ilikuwa inasema sauti yangu. "Ukiharakisha unaungua nje na ndani bado. Subiri mpaka unukie kama mkate. Kama mkate ulio karibu kuungua, lakini haujaungua. Sijui kama naeleza vizuri." Halafu kicheko cha Baba, karibu kabisa, na maneno yake: "Unaeleza vizuri, mwalimu. Endelea."

Sijawahi kusikia sauti yangu ikiwa na furaha kiasi kile.

Nilijiambia huyu ndiye mke wa rafiki yake. Kwa nini asiwe yeye? Nikabisha, nikasema hodi, nikaingia, nikasalimia. "Shikamoo, mama. Nimeambiwa una kimea."

Mwanamke aliyekuwa ameinama juu ya bati la unga aliinuka. Ni kijana kuliko Mama. Kando yake alikaa mtoto wa kike wa miaka kama minne, na mtoto ndiye aliyenijibu kabla yake. Alinitazama mdomo, akatazama simu iliyokuwa juu ya kigoda, akatazama mdomo wangu tena.

"Mama, ni yule wa simu," alisema. "Yule wa Baba."

Mwanamke akachukua simu akaizima. Mikono yake ilikuwa na unga na kioo chote kikawa cheupe. Nilitazama pembeni kwa sababu sikuweza kumtazama yeye, na nilichokiona ni mapipa mawili ya maji, yamejaa mpaka ukingoni, yamefunikwa vizuri. La kwetu lilikuwa limebaki na maji ya chini tangu Alhamisi. Baba alikuwa amesema pampu ya lori ni mbovu.

"Wewe ndiyo Poni," alisema mwanamke.

Nikaitika kwa kichwa.

"Mimi iko najua wewe. Kila siku nasikia wewe." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Kaa kwanza. Malesh, pole, mtoto wangu, kaa."

Sikukaa. Mtoto alikuja akanishika sketi, akaniomba niseme ile ya mkate. Mwanamke akamwita, "Kiden, wacha dada." Kiden ni jina la nyanya yangu, mama yake Baba. Baba aliwahi kuniambia kwamba hakupata nafasi ya kumpa mtu yeyote jina hilo.

"Yeye alisema mama yako anajua," alisema mwanamke. "Toka zamani. Alisema nyinyi watu ya Kenya, mama yako amekubali."

"Hajui," nilisema.

Neno hilo moja ndilo pekee lililonitoka. Niliona likimwingia. Alikaa yeye badala yangu, pale kwenye kigoda, na simu mapajani. Nilikuwa nimetafuta kitu cha kumchukia tangu nilipoingia, na pale alipokaa nikaona kwamba na yeye alikuwa amedanganywa, basi hata hicho nikakikosa.

Mwishowe aliinuka, akachota kimea kutoka kwenye gunia, akanijazia mfuko. Nikatoa pesa. Akausukuma mkono wangu. "Wewe ulinifundisha kazi," alisema. "Nitalipisha wewe namna gani?"

Njiani nilishika ule mfuko kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa mwingine. Dereva wa boda aliniuliza kama nimefiwa.

Nilipofika, Mama aliufungua mfuko, akatia kimea kiganjani, akanusa. "Hiki ni kizuri," alisema. "Kikavu, hakina mchanga. Umekipata kwa nani?"

"Kwa mama mmoja, Gumbo."

"Huyo anajua kazi. Ukimwona tena mshukuru."

Akakichanganya yeye mwenyewe, kama nilivyokuwa nimemfundisha. Nilimtazama akikoroga, mikono imezama mpaka kwenye viwiko, akiimba wimbo wa kwaya, na sikumzuia.

Baba alirudi saa kumi na moja, mapema kuliko kawaida. Bila shaka alikuwa amepigiwa simu. Alivuta mpira wa maji akajaza pipa letu mpaka likamwagika. Akajaza na ndoo zote, na beseni, na sufuria ya chai. Mama alifurahi, akamwuliza kama leo bosi amefariki. Baba hakucheka. Aliniita nimsaidie kukunja mpira nyuma ya lori.

Nilifikiri ataomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kulia.

Alisema kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Miaka ile nilikuwa peke yangu, Poni. Wewe bado hujui upweke." Halafu akasema, "Mama yako amechoka. Tusimwongezee mzigo." Akakunja mpira, akaukunja tena. "Mimi nakuamini. Wewe si mtu wa maneno mengi. Hicho ndicho kitu ninachokipenda kwako."

Nikaitika kwa kichwa.

Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Si Gumbo, si mapipa, si hata jina. Nilidhani jikoni kwetu Baba alikuwa anapenda nikizungumza. Nilidhani ndiyo sababu aliniita mwalimu. Kumbe alikuwa anakaa karibu na mtu ambaye ana uhakika hatasema.

Na mimi nikamthibitishia papo hapo, kwa kichwa.

Usiku wa jana walikula pamoja, yeye na Mama, kwenye mkeka mmoja. Mama alimwambia kwete ya safari hii itakuwa nzuri kuliko zote, majirani wataalikwa. Baba akasema itakuwa nzuri kweli. Mimi nilisema tumbo linaniuma nikaenda kulala.

Leo nimewaza siku nzima. Nikinyamaza, Baba ataendelea kuja, tutakaa jikoni, ataniita mwalimu. Nataka hivyo. Naandika hapa kwa sababu ni kweli na inanitia aibu: nataka hivyo sana, nataka Jumamosi zangu. Nikisema, huenda zimekwisha, na huenda Mama atanichukia mimi kwanza kabla ya kumchukia yeye, kwa sababu mimi ndiye nitakayekuwa nimesimama mbele yake.

Lakini Mama amekoroga kimea asichojua kimetoka wapi, na ataalika watu waje kunywa. Wote wawili, yeye na yule mwanamke wa Gumbo, wanampikia mtu mmoja pombe ili abaki, na anayewafundisha wote wawili ni mimi.

Sijui nitaanzaje. Nimejaribu mbele ya ndoo. "Mama, nina jambo." Sauti inaishia hapo. Kwenye simu niliweza kueleza bila kukwama, kwa sababu nilikuwa najua kila hatua inayofuata. Hili sijui hatua yake ya pili ni ipi.

Kwa hiyo nimejiwekea sharti. Maneno haya hayatoki kwenye simu yangu kabla sijamwambia Mama. Nikishindwa leo nitayafuta, na hakuna atakayejua kwamba niliyaandika.

Mlango wa bati umelia. Ni Mama, anagonga viatu ukutani kutoa matope, anauliza kama kuna mtu ndani.

Nipo, Mama. Nakuja.