Ruta ya Ankoro imejibu

Kalemie, siku ya ine

Na eti ile njo kazi. Mama injeniere ametoka Lubumbashi kuunga depo yetu ya mawese na depo ya Ankoro kwa kitu wanaita VPN, njia ya siri ndani ya internet, ruta ya hapa, kile kisanduku cha internet, isemezane na ruta ya kule. Ikipita, foni yangu, redio niliyosemea toka ujana, inazimwa. Na mimi ninafukuzwa.

Mama akagusagusa mashini, taa ya kijani ikawaka kwa ruta. "Papa, Ankoro imejibu."

"Nani amejibu?"

"Ruta."

"Imekuuliza habari ya bwana yako?"

Akacheka. Sisi wa foni, mbele ya kusema njia iko muzuri, tulisalimiana kwanza, bibi, watoto, mvua. Na hakuna muntu wa ziwa hili lote aliyenishinda sauti. Nikamwambia siamini taa ya kijani, nitauliza Papa Kabamba, mwenzangu wa foni kule Ankoro.

"Uliza tu, Papa." Akatuma barua fupi kwa njia ile ya ruta, na mimi nikamuita Kabamba kwa foni.

Kabamba, mujinga yule, akajibu wazi kabisa: "Ndiyo, barua yenu imefika kwa ekra ya mashini, ninaisoma."

"Aksanti, Papa," Mama akasema, "njo ushuhuda nilikuwa natafuta." Akaanza kufungua waya ya antena.

Mimi mwenyewe nilimuitia shahidi. Mimi.

Sijui nitakula nini na bibi yangu. Lakini kesho ninarudi kukaa kwa kiti changu, palepale mbele ya foni. Wakitaka kile kiti, wakibebe na mimi juu yake.