Mawe Tuliyoyachora Juu ya Mawe

Taru,
Kaunti ya Kwale.
14 Septemba, 2024.

Mpendwa ndugu yangu Rai,

Bwana asifiwe, mdogo wangu. Shikamoo yako Purity amenifikishia, nami naiitikia kwa maandishi: marahaba, mwana wa mama. U hali gani huko Doha? Joto limepungua, au bado mnasimama lindoni mkiungua? Na kile kifua, kimekuachia? Kula chakula cha maana, usiishi kwa chai na mkate kama ilivyo tabia yako.

Huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mvua imetupiga chenga tena, lakini mbuzi wako wamepona wote, hata yule beberu mkorofi, ambaye juzi alikula kitambaa cha meza ya Bwana nilichokuwa nimekianika. Macho ya mama yamezidi kufifia. Sasa anatofautisha mchana na usiku, basi. Ulimi wake ndio haujafifia hata kidogo.

Ningekupigia simu, lakini ningelia kabla sijafika katikati. Kwa hiyo naandika, na huyu binti yangu Purity atazipiga picha karatasi hizi akutumie. Ni habari ya kanisa.

Kaunti imekataa, Rai. Kanisa letu halikuandikwa kuwa turathi, na barabara itapita pale pale liliposimama.

Najua ulivyohangaika. Watu wa barabara walipokuja mwaka jana wakachora ile X nyekundu ukutani, sisi tulilia, tukaomba, tukanyamaza. Wewe uliye mbali ndiye uliyegundua kwamba kaunti ikilitambua jengo kuwa la kale, barabara inaweza kusogezwa. Ukaandika maombi, ukawasumbua mpaka wakakubali kuja. Kisha ukatupigia simu: "Wageni wa kaunti wanakuja kulikagua kanisa. Tafadhali msiniaibishe."

Neno hilo tulilipokea kwa mikono miwili. Unatujua sisi. Tangu tukiwa shuleni, mkaguzi akitangazwa, kuta hupakwa chokaa, mawe ya bustani hupakwa chokaa, hata miti hupakwa chokaa. Mzee Kimeu, mzee wetu wa kanisa, alisimama baada ya ibada akasema haiwezekani wageni wakaribishwe katika nyumba yenye nyufa, tena yenye X kando ya mlango. Watu wakapiga makofi. Mimi nikapiga vigelegele.

Muasya akatoa simiti dukani kwake, mafundi wakaja. Ndani na nje wakayafunika mawe yote waliyoyachonga kina babu, pamoja na ule udongo wa kichuguu ambao mama na wasichana wenzake waliushindilia kwa vidole katikati ya mawe. Zile alama za vidole vyao, ambazo sisi tukiwa wadogo tulikuwa tukipimia vyetu mahubiri yakirefuka, zote zikaenda. Ukuta ukawa laini kama sahani. Kisha Mzee Kimeu akaona uko mtupu mno, akawaambia mafundi wachore mistari ya kahawia ili ufanane na mawe. Rai, tulipiga plasta juu ya mawe, halafu tukachora mawe juu ya plasta! Wala hakuna hata mmoja wetu aliyecheka.

Sisi akina mama tukatundika mapazia ya zambarau. Rangi ya krimu niliichagua mimi. Tulikuwa na furaha mno, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, ile furaha.

Afisa aliyekuja ni binti wa Msambweni aitwaye Twaiba, mpole, mwenye adabu, aliyewaamkia wazee mmoja mmoja. Akalizunguka kanisa. Akalizunguka tena. Kisha akauliza, "Samahanini wazee wangu, na lile kanisa lenyewe la zamani liko wapi?"

Mzee Kimeu alicheka mpaka akashika mbavu. Alidhani anasifiwa. "Si ndilo hili, mwanangu! Huoni tulivyolitengeneza?"

Yule binti hakucheka. Aliweka kiganja ukutani, machozi yakamlengalenga, na hapo ndipo nilipoelewa. Hakutugombeza. Alimwomba fundi abandue plasta kidogo, kwenye kona ya ndani kule nyuma, aone kama itatoka. Ilitoka na uso wa jiwe. Mawe yetu haya unayajua, hubanduka ganda kwa ganda. Pakafunguka mahali padogo kiasi cha sinia, na mshono mmoja tu wa udongo ukasalimika.

"Mimi nilikuja kuutazama ukongwe wake, mama," akaniambia. "Sasa nitaandika nini?" Na sisi huo ukongwe ndio tuliokuwa tukiuonea haya.

Usimkasirikie Mzee Kimeu. Tangu siku ile haketi tena kiti cha mbele. Wala usijikasirikie wewe kwa neno lako. Ulituambia tusikuaibishe, simiti tuliitafuta wenyewe.

Wiki iliyopita watu wa barabara walirudi. X yao ya zamani hawakuiona, wakachora nyingine. Kwenye rangi ya krimu inaonekana vizuri sana, hata ukiwa ng'ambo kwenye soko la mbuzi. Wametuambia tutasali humo mpaka Krismasi.

La mama nimeliacha mwisho. Unakumbuka alivyokuwa akienda kwenye benchi lake bila kushikwa mkono, akipapasa mawe. Jumapili ya kwanza baada ya mafundi kuondoka nilimwachia mlangoni kama kawaida. Akapapasa, akapapasa, akasimama. Watu walikuwa wakiimba. Akaniita kwa sauti ya chini, "Kache, hapa umenileta kwa nani?" Nikamwambia tuko kanisani, mama. Akasema, "Usinidanganye mimi."

Sasa benchi lake nimelihamishia kwenye ile kona aliyoifungua Twaiba. Huketi pale, kidole chake kikiwa ndani ya ule mshono wa udongo, na hakitoi mpaka ibada iishe.

Purity anakusalimu sana, na Mzee Kimeu pia, ingawa anaona haya kulitaja jina lako. Nisalimie Elijah unayeishi naye chumba kimoja; mwambie mama yake ni mzima, nilimwona sokoni. Mungu akutangulie kazini, na akulaze salama katika nchi ya watu.

Nimemwuliza mama nikuandikie nini kwa niaba yake. Amesema, "Mwambie arudi upesi, kabla hawajanitengenezea na nyumba."

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,
Kache